Kibanda ni cha Mtu, Meza ni ya Wote: Namna ya Kula Vizuri Katika Vituo vya Wachuuzi vya Singapore

Saa sita mchana, wafanyakazi wa maofisi ya katikati ya Singapore hushuka kwa lifti wakiwa na beji shingoni na pakiti ya tishu mkononi. Wakifika Maxwell Food Centre, ukumbi wenye paa ulio wazi pande zote katika mtaa wa Chinatown, huiweka pakiti ile juu ya meza, hugeuka na kwenda kupanga foleni mbele ya kibanda wanachokitaka. Hakuna anayeigusa. Mgeni mwenye njaa huona kiti kitupu, huketi, na muda si mrefu mtu mwenye sinia la wali wa kuku husimama mbele yake akimwomba kwa adabu ahame. Kiti kile kilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo.

Chakula chenyewe hakimsumbui sana mgeni kutoka Afrika Mashariki. Wali, kuku, tui la nazi, mishikaki, samaki wa kuchoma, biriani, juisi ya miwa: vyote anavijua. Kinachomchanganya ni namna mahali hapa panavyoendeshwa. Akishaielewa, atakula vizuri mara tatu kwa siku kwa fedha ambayo katika mgahawa wa hoteli isingetosha mlo mmoja. Asipoielewa atasimama kwenye foleni isiyo na maana, atalipia kaa bei asiyoitegemea, au atarudi hotelini na njaa kwa sababu kibanda alichosafiri kukifuata kimefungwa Jumatatu.

Namna vituo hivi vilivyoanza

Singapore ilipojitenga na Malaysia na kuwa nchi huru mwaka 1965, chakula cha bei nafuu kiliuzwa barabarani, kwenye mikokoteni na vikapu vya kubebwa begani. Wapishi walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji kutoka kusini mwa China, India na visiwa vya Wamalay na Wajava, kila mmoja na chakula cha kwao. Maji safi hayakuwa karibu. Vyombo vilioshwa kwenye ndoo, na mabaki yalimwagwa mitaroni yakaishia mtoni.

Katika miaka ya 1968 na 1969 serikali iliwaandikisha wachuuzi wa barabarani nchi nzima, wapatao 18,000. Kuanzia 1971 ikajenga vituo vyenye paa, umeme, maji ya bomba na mabomba ya majitaka, na kufikia 1986 wachuuzi wote walikuwa wamehamishiwa ndani. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, anayejua mvutano wa machinga na askari wa jiji, ataliangalia jambo moja kwa makini: vituo vingi vilijengwa pale pale wateja walipo, katikati ya mitaa ya nyumba za serikali, kando ya masoko na karibu na maofisi. Leo viko zaidi ya 110. Desemba 2020, UNESCO iliuingiza utamaduni huu wa wachuuzi katika orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu.

Historia hiyo inaeleza kwa nini mambo yako yalivyo. Ukumbi ni wa umma, lakini kila kibanda kimebaki biashara ya mtu wake, kama kilivyokuwa kwenye mkokoteni. Mwenye kibanda hupanga saa zake, bei zake, foleni yake na namna ya kulipwa. Meza, viti, sehemu ya kunawia na rafu za kurudishia sinia ni za wote. Mgeni akiyashika mambo hayo mawili, mengine yote yatafuata.

Saa ya kwenda na fedha ya kubeba

Kosa la kawaida ni kudhani kituo kikiwa wazi, vibanda vyote viko wazi. Yupo mpishi anayewasha jiko alfajiri kwa ajili ya wanaokunywa kahawa kabla ya kazi, akafunga saa nane mchana. Jirani yake hafungui mpaka saa kumi na moja jioni. Wengi hupumzika siku moja au mbili kwa wiki, na Jumatatu ni siku ya mapumziko kwa vibanda vingi mashuhuri. Chakula kikiisha, kibanda hufungwa hata kama saa haijafika. Kila baada ya miezi kadhaa kituo kizima hufungwa kwa usafi mkubwa, na tarehe hutangazwa mapema. Kwa hiyo anayekwenda mahali fulani kwa ajili ya mpishi fulani aulize kwanza siku na saa za kibanda chenyewe.

Msongamano wa mchana huanza kabla ya saa sita na kupungua baada ya saa nane kasorobo. Mgeni asiye na haraka ya ofisi afike saa tano asubuhi, jiko likiwa limeshashika moto na foleni ikiwa fupi. Jioni, familia hufika kuanzia saa kumi na mbili. Ukumbi hauna kiyoyozi, mapangaboi ndiyo yanayozungusha hewa, na joto la Singapore linafanana na la Mombasa mwezi wa pili. Nguo nyepesi ya pamba inafaa kuliko suti ya mkutano.

Fedha taslimu bado ni salama ya mgeni. Wenyeji wengi hulipa kwa simu kwa kupiga picha msimbo uliobandikwa kibandani, lakini mfumo huo mara nyingi hudai akaunti ya benki ya huko. Mgeni awe na noti ndogo, za dola 2, 5 na 10, maana anayetoa noti ya 100 kwa kahawa ya dola moja na nusu anawachelewesha watu wote walio nyuma yake. Dola ya Singapore ni kama robo tatu ya dola ya Marekani. Sahani ya wali wa kuku au bakuli la tambi huwa kati ya dola 4 na 6 hivi, na mishikaki huuzwa kwa kijiti, mara nyingi kwa kiwango cha chini cha vijiti kumi.

Bei iliyoandikwa ubaoni ndiyo bei. Haipunguzwi, na kubembeleza punguzo la senti hamsini kwa mpishi aliyeamka usiku kutengeneza mchuzi ni kumvunjia heshima. Bahashishi pia haitarajiwi. Anayetaka kuonyesha shukrani arudi kesho yake, au amwambie mpishi kwa maneno.

Kupata meza

Pakiti ya tishu iliyo juu ya meza, mwavuli, kadi ya kazi au chupa ya maji maana yake ni moja: kiti kimeshikwa. Desturi hii haikuandikwa popote na karibu kila mtu huifuata. Mgeni naye anaweza kuitumia, mradi asiache simu wala pochi. Na tishu zile zina kazi ya pili, kwa sababu vibanda havitoi karatasi za kufutia mikono. Ni vyema kununua pakiti kadhaa mapema.

Walio wanne wagawane kazi. Mmoja aketi kulinda meza na kuikariri namba yake, kwani vibanda vingine huleta chakula mezani na vitaiuliza. Watatu wengine waende kila mmoja kwenye foleni tofauti, warudi na sahani tatu au nne za kuweka katikati. Hivi ndivyo familia za Singapore zinavyokula, na ndivyo mgeni anavyoweza kuonja vyakula vitatu au vinne kwa fedha ya kimoja. Aliye peke yake aombe kiti kwenye meza ya wengine. Kuchangia meza na mtu usiyemjua ni jambo la kawaida kabisa, kinachotakiwa ni kuuliza kwanza kama kiti hakina mtu.

Wenyeji huwaita wauzaji waliowazidi umri kwa majina ya kiukoo ya Kiingereza, anti na anko, kwa heshima ile ile ambayo kwetu mtu humwita muuza chakula mama au shangazi. Mgeni akifanya hivyo hatakosea. Kiingereza kinaeleweka karibu kila mahali, na swali la kwanza atakaloulizwa ni kama anakula hapo hapo au anabeba. Ajibu kwa sentensi fupi na akitaka pilipili kidogo aseme sasa, kabla mkono wa mpishi haujafika kwenye bakuli la sambal, pilipili iliyopondwa.

Kuchagua kibanda

Kituo kikubwa kinaweza kutisha. Chinatown Complex peke yake kina vibanda vya chakula zaidi ya 200. Dalili nzuri kuliko zote iko ubaoni: kibanda chenye chakula kimoja au viwili. Mpishi wa huko huwa hatafuti kupika kila kitu. Hushika chakula kimoja, mara nyingi alichorithi kwa mzazi, akakipika kila siku kwa miaka ishirini au arobaini mpaka mkono ukazoea kiasi cha chumvi bila kijiko. Mwaka 2013 mpishi mashuhuri wa Uingereza, Gordon Ramsay, aliletwa Singapore kushindana na wapishi wa hapo kwa vyakula vyao vitatu. Alishinda kwa kaa wa pilipili, akashindwa kwa laksa, yaani tambi za mchuzi wa tui, akashindwa pia kwa wali wa kuku dhidi ya Tian Tian, kibanda cha Maxwell. Ramsay alikuwa na siku chache tu za kujifunza. Wenzake walikuwa na miaka.

Foleni nayo inasema kitu, ila isomwe vizuri. Foleni ya watu wenye beji za ofisi, wazee wenye vyombo vyao vya kubebea na akina mama wenye mifuko ya sokoni ni ushahidi mzuri. Foleni ya watalii watupu wenye kamera inaweza kuwa imeletwa na picha moja tu mtandaoni. Mfano wa Chan Hon Meng unafaa kukumbukwa. Mwaka 2016 kibanda chake cha kuku wa sosi ya soya, ndani ya Chinatown Complex, kilipewa nyota na Michelin, mwongozo wa migahawa, wakati sahani yake ikiuzwa karibu dola 2, na dunia nzima ikaandika kuwa ni mlo wa nyota wa bei ya chini kuliko yote. Foleni ikawa ya saa kadhaa. Matawi yakafunguliwa Singapore na nje. Mwaka 2021 nyota ile haikutolewa tena. Kuku yule bado ana wapenzi wake, lakini aliyesimama saa mbili kwa ajili ya nyota peke yake alipita mbele ya vibanda kumi ambavyo vingemlisha vizuri bila kusubiri.

Kibanda kina pia cheti cha usafi chenye herufi, kilichobandikwa mahali pa wazi, A ikiwa daraja la juu. Mgeni akitazame, kisha atazame kwa macho yake: je, chakula kinapikwa mteja akiagiza, au kimekaa? Mafuta ya kukaangia ni meupe au meusi? Maji ya bomba ya Singapore ni salama kunywa, na barafu ya vinywaji haina la kuogopwa. Tumbo jepesi lijihadhari na kitu kimoja, kombe wadogo wanaowekwa kwenye laksa na tambi za kukaanga, kwani kwa desturi huchovywa tu kwenye maji ya moto. Mpishi akiombwa awaache, atawaacha.

Vya kuanzia

Wali wa kuku wa Hainan ndio mlango wa kuingilia. Kuku hulowekwa katika maji ya moto yasiyofurukuta mpaka aive taratibu, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya barafu ili ngozi ikaze. Siri kubwa iko kwenye wali: mchele hukaangwa kwa mafuta ya kuku, kitunguu saumu na tangawizi, ukapikwa kwa supu ile ile. Sahani huja na pilipili ya ndimu, tangawizi iliyosagwa na sosi nzito ya soya. Mgeni aonje wali peke yake kwanza, bila kitu, ndipo amimine. Asiyependa kuku mweupe wa namna hii aulize kama kibanda kina wa kuchoma.

Laksa ni bakuli la tambi za mchele katika mchuzi wa tui, pilipili, uduvi mkavu na viungo vilivyopondwa, na kamba juu yake. Mtu wa Pwani atalitambua tui kabla ya kijiko kufika mdomoni. Chai tow kway ni mchele uliosagwa na figili nyeupe, hupikwa kwa mvuke, hukatwa vipande na kukaangwa na mayai. Huja wa aina mbili, mweusi wenye sosi tamu na mweupe wenye chumvi, na familia huagiza zote mbili ili kumaliza ubishi.

Satay ni mishikaki midogo ya kuku, ng'ombe au mbuzi, iliyolazwa kwenye manjano na mchaichai, ikachomwa kwa makaa na kuliwa na mchuzi wa karanga, matango, vitunguu na wali ulioshindiliwa. Mahali pake pa fahari ni Lau Pa Sat, soko la pembe nane lenye nguzo za chuma zilizosubiwa Glasgow na kusimikwa mwaka 1894, ambalo tangu 1973 limelindwa kama jengo la kumbukumbu ya taifa. Jioni mtaa wa Boon Tat ulio kando yake hufungwa kwa magari, meza hupangwa barabarani, na moshi wa makaa hupanda kati ya maghorofa ya mabenki.

Kisha taa. Samaki huyu, ambaye mwambao wetu humpika kwa nazi, huko hupakwa sambal nene ya pilipili na uduvi uliochachishwa, akalazwa juu ya jani la mgomba na kuchomwa juu ya bamba la moto. Nyama yake huchanika kwa nyuzi, na ndimu ndogo ya kukamulia huletwa pembeni. Mpenzi wa samaki asiondoke Singapore bila kumwonja.

Upande wa Wahindi na Wamalay kuna roti prata, chapati ya tabaka inayorushwa hewani mpaka iwe nyembamba, huliwa na mchuzi wa dengu au wa samaki. Kuna pia murtabak, unga mwembamba uliokunjwa ukiwa na nyama ya kusaga, vitunguu na mayai. Aliyewahi kusimama mbele ya muuza pizza ya Zanzibar pale Forodhani atautambua mkono wa kazi.

Halali, nguruwe na mzio

Hapa Mwislamu asome kwa makini, kwa sababu ukumbi mmoja huweza kuwa na kibanda cha nguruwe na cha nasi lemak, wali wa tui wa Wamalay, ukuta kwa ukuta. Cheti cha halali cha Singapore hutolewa na baraza la dini, Majlis Ugama Islam Singapura, kwa kifupi MUIS, na hubandikwa mbele ya kibanda. Kuomba cheti ni hiari, kwa hiyo wapo wauzaji Waislamu wasiokuwa nacho, na hao inabidi waulizwe. Bango lisemalo kwamba kibanda hakitumii nguruwe wala mafuta yake halimaanishi kuwa nyama nyingine zilichinjwa kisheria. Tambi za kukaanga za Kichina, hasa char kway teow na Hokkien mee, kwa asili hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe hata pale ambapo nyama yenyewe haionekani sahanini.

Sinia na vyombo vya halali hutengwa, mara nyingi kwa rangi, na rafu za kurudishia nazo hutenganishwa na kuandikwa. Mgeni asiyekuwa Mwislamu naye auheshimu mpango huo, kwani sinia moja lililowekwa pasipo pake huwapa watu kazi ya kulitakasa.

Anayetaka kula bila kuuliza kila mara aende Geylang Serai, soko la Wamalay upande wa mashariki, lenye nasi padang (wali na vitoweo), mee rebus (tambi za mchuzi mzito) na vitumbua vya rangi za kila namna. Mwezi wa Ramadhani mitaa ya jirani hujaa vibanda vya futari. Tekka Centre, katika mtaa wa Little India, ni mahali pa biriani ya mbuzi, prata na chai ya kuvutwa kutoka kikombe hadi kikombe. Asiyekula nyama atapata vyakula vya majani kwenye vibanda vya Wahindi wa kusini na vya Wabudha.

Mwenye mzio wa karanga ajue kuwa zimo kwenye mchuzi wa satay na hunyunyizwa juu ya vyakula vingi. Mwenye mzio wa kamba ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu uduvi uliochachishwa umo ndani ya sambal na hauonekani. Aandike tatizo lake kwa Kiingereza na Kichina kwenye karatasi, amwonyeshe mpishi.

Samaki wa kupimwa

Karibu bei zote ubaoni ni za sahani. Kaa, kamba wakubwa na samaki wazima huuzwa kwa uzito, na hapo ndipo mgeni huumia. Mwaka 2009, katika kituo cha Newton, kikundi cha watalii Wamarekani kilitozwa dola 491, karibu nusu yake ikiwa ya kamba wakubwa wanane tu. Jambo hilo lilifika magazetini, na mamlaka ikakiadhibu kibanda kilichohusika. Newton ni kituo kizuri, kimekuwepo tangu 1971 na kilionekana katika filamu ya Crazy Rich Asians mwaka 2018, lakini tahadhari ile inafaa popote panapouzwa vya baharini.

Utaratibu ni huu. Mgeni asimfuate anayemwita na kumvuta mkono, kwani kuita wateja kwa nguvu kumekatazwa. Aulize bei ya kila gramu mia moja, aone mzani, ataje uzito anaoutaka, na aambiwe jumla kabla moto haujawashwa. Mwuzaji mwaminifu hujibu maswali hayo kila siku na hayamkeri. Akijibiwa kwamba atajua bei baadaye, ahamie kibanda cha pili.

Kinywaji

Vinywaji huuzwa kwenye kibanda chake peke yake, na katika baadhi ya vituo muuza vinywaji hupita mezani kuchukua oda. Kahawa ya huko, kopi, hukaangwa pamoja na sukari na siagi, huchujwa kwa mfuko wa kitambaa na kuchanganywa na maziwa mazito matamu ya kopo. Ni nzito na tamu sana. Kopi-o haina maziwa ila ina sukari, kopi-c huja na maziwa ya kopo yasiyotiwa utamu pamoja na sukari, neno kosong huondoa sukari, na peng huongeza barafu. Maneno hayo hayo huwekwa baada ya teh kwa anayetaka chai. Mwenye kisukari ayakariri kabla ya kufika kaunta. Juisi ya miwa yenye ndimu hukata pilipili vizuri kuliko soda, na baada yake chendol, bakuli la barafu iliyokwanguliwa, tui na sukari ya mnazi, hupoza kilichobaki.

Baada ya kula

Zamani mtu aliinuka na kuacha vyombo mezani. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 kurudisha sinia, vyombo na takataka katika vituo hivi ni lazima kisheria. Kosa la kwanza huleta onyo la maandishi, na anayerudia hutozwa faini ya dola 300. Wapo wafanyakazi wa kusafisha, wengi wao wazee, lakini kazi yao ni kufuta meza na kuosha. Kubeba sinia ni kazi ya mlaji, awe mkurugenzi au mwanafunzi.

Wapishi wenyewe wanazeeka. Umri wa mchuuzi wa kawaida unakaribia miaka 60, kazi huanza usiku, ukumbi ni wa joto, na watoto wao wengi wamesoma wakapata kazi zenye kiyoyozi. Serikali imeanzisha mafunzo ya kuwaunganisha vijana na wapishi wakongwe, lakini kila mwaka hufungwa vibanda ambavyo mapishi yake hayakupata mrithi. Mgeni anaweza kusaidia kwa njia ya kawaida kabisa: ale kwa mzee mpishi wa chakula kimoja kabla ya kukimbilia jina kubwa, alipe bei iliyoandikwa, asijaze meza kwa vyakula vya kupigwa picha na kuachwa, na asimshikie mpishi kamera usoni wakati mikono yake iko kwenye moto bila kumwomba ruhusa.

Kwa mwenye siku moja tu

Wasafiri wengi hupita Singapore wakielekea kwingine, wakiwa na saa kumi au kumi na mbili kati ya ndege mbili. Aliye na ruhusa ya kuingia nchini aweke mzigo wake katika uwanja wa ndege wa Changi na kupanda treni. Asubuhi aanze Tekka, hatua chache kutoka stesheni ya Little India, kwa prata mbili na chai. Kabla ya saa sita awe Maxwell, ambako kuna stesheni yenye jina hilo hilo, ale wali wa kuku na kunywa juisi ya miwa. Mchana atembee Chinatown, tumbo lipumzike. Saa moja usiku afike Lau Pa Sat, mwendo wa miguu usiofika nusu saa kutoka Maxwell, aagize vijiti kumi vya satay na, kama bado ana nafasi, taa wa kuchoma.

Akivutiwa na doriani njiani, tunda la miiba lenye harufu inayojaza mtaa mzima, alile pale pale kwa muuzaji, anawe mikono vizuri na kusubiri kidogo. Haliruhusiwi ndani ya treni wala katika hoteli nyingi. Na kwa ndege ya usiku wa manane, akiondoka mezani saa tatu treni bado itamfikisha Changi kwa wakati.